Mwanamume anayeogopwa: jibu kwa msomaji wa Malindi

Kwa Mhariri,

Msomaji mwenzangu wa Malindi, ambaye barua yake uliichapisha wiki iliyopita, anataka kila wadi ya pwani iwe na kikosi chake cha vijana wenye bunduki, kiongozwe na "mwanamume anayeogopwa". Anasema polisi hufika maiti zimeshapoa, na msituni hawaingii. Kwa hilo la polisi sina ubishi naye. Sisi wa Lamu tumeyaona ya Mpeketoni, Juni 2014, watu karibu 60 wakauawa, halafu tukawekewa kafyu na wavuvi wetu wakazuiwa kutoka usiku kwa miaka. Woga tunaujua. Nisilolikubali ni huyo mwanamume. Msomaji anamwandika kana kwamba siku kazi ikiisha atarudisha bunduki, atoe salamu, aende zake kuvua pweza.

Nilipata kuishi katika mji uliokuwa mikononi mwa mwanamume wa aina hiyo, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Nina duka la dawa hapa Langoni. Ufamasia niliusomea Tbilisi, mji mkuu wa Jojia, nchi iliyokuwa wakati huo sehemu ya Umoja wa Kisovieti, kwa ufadhili wa dola hiyo, ambayo ilivunjika nikiwa bado sijamaliza mitihani. Marehemu baba aliniruhusu kwenda kwa kuwa aliambiwa kule ni kusoma tu, hakuna fujo, na wasichana wanalindwa.

Mtu mwenyewe aliitwa Jaba Ioseliani. Alizaliwa 1926. Mwaka 1948 alifungwa kwa wizi wa benki mjini Leningrad, akakaa gerezani hadi miaka ya sitini, na huko akapata jina katika ule udugu wa wezi wa Kisovieti wenye miiko yao na mahakama zao. Alipotoka, alisoma. Akabobea katika sanaa za maigizo, akawa profesa katika chuo cha maigizo cha Tbilisi, akaandika tamthilia. Hapa ndipo wasimuliaji wa habari za wababe wa vita hupita mbio, na mimi naomba tupige kituo. Mbabe tunamdhania ni mtu wa kunguruma na kutema mate. Huyu alikuwa na ucheshi, alijua kuzungumza, na watu wazima wenye shahada zao walijivunia kukaa naye meza moja.

Kikundi chake, Mkhedrioni, yaani Wapanda Farasi, alikianzisha 1989. Ulikuwa mwaka mchungu. Alfajiri ya Aprili 9 askari wa Kisovieti waliwavamia waandamanaji waliodai uhuru wa Jojia katika barabara kuu ya Rustaveli mjini Tbilisi kwa sepetu za kijeshi na gesi, wakafa watu kama 20, wengi wao wanawake. Nilikuwa mgeni, Kirusi changu bado cha kubabaisha, lakini nyuso za watu hazikuhitaji mkalimani. Wakati huo mtu aliyesema kwamba Wajojia wanahitaji walinzi wao wenyewe hakuonekana jambazi. Alionekana ndiye mwenye akili. Vijana wakala kiapo, wakavishwa shingoni kidani cha Mtakatifu George, na baadhi yao walikuwa wanafunzi wenzetu, waliokuwa wakituazima madaftari ya kemia.

Msomaji wa Malindi anaandika kama mtu aliye katika Aprili hiyo. Namwelewa kabisa.

Kisha nchi ikawaangukia watu wa vitabu. Zviad Gamsakhurdia, mwanafasihi aliyefasiri Shakespeare, alichaguliwa rais Mei 1991 kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura. Kikosi cha Walinzi wa Taifa kilikuwa chini ya Tengiz Kitovani, mchongaji sanamu. Na wa tatu ni huyu profesa wangu wa maigizo. Mtu akikwambia kwamba bunduki zikiwa mikononi mwa wasomi hazina madhara, mtajie hao watatu.

Gamsakhurdia, tangu hajawa rais, alikuwa amekwisha kumtia Jaba ndani, Februari 1991, kwa msaada wa wanajeshi wa Kisovieti walewale waliokuwa wakilaaniwa mji mzima. Jela ilimtakasa. Waliokuwa wakimwita mwizi wa benki walianza kumwita mfungwa wa kisiasa. Desemba 22 mwaka huo vita vikazuka katikati ya Tbilisi. Kitovani alikuwa amekwisha kumwasi rais, wapinzani walikuwa nje ya jengo la bunge, rais ndani, na mizinga ikapigwa kwenye barabara ileile ya Rustaveli. Jaba akatoka kifungoni vita vikiendelea. Kilichonishangaza ni udogo wa vita vyenyewe. Vilikuwa vya mitaa michache. Sisi tuliokaa mtaa wa Saburtalo tuliisikia mizinga tukiwa kwenye foleni ya mkate, na foleni haikuvunjika. Januari 6, 1992, rais alikimbia. Nchi ilikuwa tayari imetwaliwa na Baraza la Kijeshi, na wakubwa wake ni mchongaji sanamu na profesa wa maigizo.

Mama mwenye nyumba yangu, mjane aliyefundisha piano, alilia kwa furaha siku ile. Hakuwa mtu wa vurugu. Hata paka hakumfukuza. Alimchukia Gamsakhurdia kwa hotuba zake na kwa kumwona adui katika kila kona, na katika hilo hakuwa peke yake. Nilimuuliza, haogopi watu wenye bunduki? Akanijibu kwamba Jaba ni mtu wa utamaduni. Alisema hivyo kama sisi tunavyosema fulani ni mtoto wa watu.

Nimelifikiria sana jibu lile. Jaba hakupanda juu kwa nguvu zake. Alikuwa na maelfu ya vijana, kweli, lakini maelfu ya vijana wenye bunduki hawaitawali nchi mpaka waheshimiwa waseme "hawa ni wetu". Walimu walisema. Wasanii walisema. Wanasiasa waliotaka rais aondoke, na wasiotaka kuchafua mikono yao wenyewe, walisema. Kila mmoja aliamini kwamba anamtumia Jaba kwa kazi moja, kisha atamrudisha alikotoka. Machi 1992 wakamleta Eduard Shevardnadze, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Umoja wa Kisovieti, jina linalojulikana dunia nzima, ili nchi ipate sura ya kupokelewa ugenini. Yeye naye ikamlazimu kukaa meza moja na Jaba na Kitovani, akawavumilia mpaka alipopata nguvu.

Sasa niseme nilichokiona kwa macho yangu, maana hayo mengine yamo vitabuni.

Mwaka ule wa 1992 nilikuwa nikifanya mafunzo ya kazi katika duka la dawa la serikali. Wakaingia vijana wa Mkhedrioni, vidani nje ya shati, miwani myeusi ingawa kulikuwa na wingu. Walitaka sindano na promedol, dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni. Walisema ni ya majeruhi, na huenda ilikuwa kweli. Mkuu wetu, mama wa makamo, alikuwa mkali kwetu kuliko mwalimu wa chuo. Hakuwakatalia. Alitoa daftari la dawa kali, akawaomba waandike jina, kiasi na saini, kama alivyomwomba kila mtu tangu enzi za Brezhnev, mtawala wa zamani wa Kisovieti. Kijana mmoja alicheka, akachukua kalamu, akaandika kwa hati nzuri sana: Shota Rustaveli. Ni yule mshairi wao wa karne ya 12 ambaye barabara kuu imepewa jina lake. Wakachukua boksi zima, wakaenda zao. Mama yule aliutazama ukurasa kwa muda, kisha akapiga mstari chini yake na kuandika tarehe. Kazi ni kazi.

Tangu hapo majina katika daftari lile yakawa ya washairi na wafalme waliokufa zamani. Mwisho wakaacha hata kuandika.

Petroli ikawa yao. Vizuizi vya barabarani vikawa vyao. Waliendesha magari yasiyo na namba, na aliyekuwa na gari zuri alilificha au alilitoa. Majira ya baridi yaliyofuata gesi ilikatika, umeme ukawa wa kubahatisha, na yule mwalimu wa piano akachoma vipande vya sakafu ya mbao ya chumba chake mwenyewe ili tupashe maji. Aprili 1993 serikali ikatoa fedha mpya za makaratasi ziitwazo kuponi. Baada ya miaka miwili na ushei zilibadilishwa kwa sarafu mpya, lari, kwa kiwango cha kuponi milioni moja kwa lari moja. Mtakisia mishahara ya walimu wa piano ilifikia wapi. Jaba alikuwa na msemo wake uliozagaa nchini, kwamba demokrasia si kula lobio. Lobio ni maharage yao, hupikwa kwa viungo na kuliwa kwa mkate wa mahindi. Mazuri, ingawa hayafikii mbaazi za nazi. Watu walicheka aliposema. Wakati ule hata maharage yenyewe yalikuwa ya kutafuta.

Na kazi ile waliyopewa ya kuilinda nchi isimegwe? Abkhazia, jimbo la pwani ya Bahari Nyeusi, lilikuwa linajivuta kutoka Jojia. Kwa sensa ya 1989 Waabkhazi walikuwa karibu asilimia 18 tu ya wakazi, na Wajojia karibu 46, kwa hiyo palihitajika mazungumzo ya watu wenye subira kuliko mahali popote. Agosti 14, 1992, Kitovani akaingia huko na vifaru, kwa maelezo kwamba anakwenda kulinda reli na kukomboa mateka. Wapanda Farasi nao wakaenda. Mji wa Sukhumi, makao makuu ya Abkhazia, ukaporwa. Oktoba mwaka huo nyaraka za taifa la Waabkhazi zikachomwa moto, karatasi ambazo hazikumpiga mtu risasi. Jirani ambaye alikuwa bado anajiuliza aegemee upande gani, baada ya hapo hakujiuliza tena.

Upande wa pili nao ulikuwa unalea wababe wake. Miongoni mwa waliojitolea kutoka milima ya kaskazini kuwapigania Waabkhazi alikuwamo kijana wa Kichecheni, Shamil Basayev, ambaye huko ndiko alikopata jina la ukamanda. Warusi waliomwachia apite walikuja kukutana naye Budyonnovsk, mji wa kusini mwa Urusi, mwaka 1995, hospitalini, akiwa na mateka zaidi ya elfu moja, kisha wakalizwa naye Beslan mwaka 2004, shule ilipotekwa.

Nilikuwa na rafiki, msichana wa Zugdidi, katika mkoa wa Samegrelo. Ni nchi ya nyumbani kwa Gamsakhurdia, na Wapanda Farasi walitumwa huko kuwatuliza wafuasi wake. Rafiki yangu ni Mjojia, dini yake moja na yao, na nyumbani kwao palikuwa na picha ya Mtakatifu George yuleyule wa kwenye vidani. Walimchukulia baba yake gari, wakabeba friji, wakarudi siku nyingine kung'oa fremu za madirisha. Hili la fremu lilimwuma kuliko gari. Aliniuliza, vita gani hivi vinavyohitaji madirisha?

Septemba 1993 ndipo hesabu ilipofungwa. Shevardnadze alitaka kutangaza hali ya hatari, Jaba akamshambulia bungeni kwa kutaka udikteta, na Shevardnadze akatangaza kujiuzulu, kisha watu wakamwangukia magoti abaki. Hayo yalikuwa Septemba 14. Siku mbili baadaye Waabkhazi walianza mashambulizi, na Septemba 27 Sukhumi ikaanguka. Wajojia zaidi ya 200,000 walikimbia, wengine wakivuka milima ya Svaneti kwa miguu, theluji ikaua watoto na wazee njiani. Hoteli ya Iveria, fahari ya Tbilisi, ikajaa wakimbizi. Kila roshani ilianikwa nguo. Wapanda Farasi wakati huo walikuwa na petroli, magari na bunduki kuliko walivyopata kuwa navyo, na Abkhazia ilikuwa imekwenda. Haijarudi hadi leo.

Mwisho wa Jaba nitausema kwa ufupi, maana nilikuwa nimesharudi Lamu nikisoma habari zake katika magazeti yaliyochelewa. Kikundi kilibadilishwa jina kikaitwa kikosi cha uokoaji, kisha kikaamriwa kusalimisha silaha. Agosti 29, 1995, bomu la gari lilimlipukia Shevardnadze siku ya kutia saini katiba mpya, alipona. Mkhedrioni ikapigwa marufuku, Jaba akakamatwa Novemba, na mwaka 1998 akahukumiwa miaka 11. Alitoka kwa msamaha mwaka 2000, akafa Machi 2003. Hesabuni wenyewe: kumwinua ilitosha Aprili moja ya machozi, na kumshusha kulichukua miaka minne baada ya kushika nchi, kwa hila za mtu aliyekuwa ameshinda meza na wakubwa wa dunia. Wadi ya Malindi ina Shevardnadze wangapi?

Nijibu na jambo jingine kabla halijaulizwa. Nitaambiwa hayo ni ya Wazungu na theluji yao. Mama yangu alitoka upande wa Kiunga wakati wa vita vya shifta, waasi wa upande wa mpaka wa Somalia, miaka ya sitini. Vijiji vya Wabajuni vya kule vilihamwa, minazi ikaachwa na makaburi yakaachwa. Alikuwa akisema kwamba usiku walikuja wa msituni, mchana wakaja wa serikali, na wote walitaka kupikiwa. Hakuwahi kwenda Jojia.

Na vijana wetu wa leo hawahitaji kwenda popote. Mtoto wa kaka yangu, anayeendesha mashua ya abiria hapa jeti, alinijia na simu: "Shangazi, mtazame kamanda huyu." Ilikuwa video ya Donetsk, mashariki mwa Ukraine, ya yule Mrusi Arsen Pavlov aliyejiita Motorola, aliyepigana upande wa waasi wa huko. Kabla ya 2014 alikuwa muosha magari Rostov, na ndani ya muda mfupi akawa kamanda mwenye kikosi, nishani na wapiga picha. Kijana wangu alivutiwa na hilo la kuosha magari. Namuelewa: naye amemaliza kidato cha nne, na anaosha mashua ya mtu. Nikamwambia atafute alivyokufa. Alilipuliwa ndani ya lifti ya jengo alilokuwa akiishi, Oktoba 2016, katika mji ambao ni wa upande wake. Alinyamaza, kisha akaniuliza alikuwa akilipwa kiasi gani. Hilo ndilo swali ambalo waheshimiwa wetu wanapaswa kulisikia, wale ambao kila ukaribiapo uchaguzi huwavisha vijana fulana, huwapa fedha za siku, na baada ya kura hawapokei simu.

Sipingi ulinzi. Polisi wa akiba wapo, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inawatambua, na katika vijiji vilivyo karibu na msitu wa Boni mtu hawezi kuwakebehi. Waongezwe, wafunzwe, walipwe kwa wakati. Lakini wao wana mkubwa aliye juu yao, na bunduki zao zina namba. Msomaji mwenzangu hakutaja namba, hakutaja mkubwa, hakutaja mshahara. Alitaja mwanamume tu.

Mimi hapa dukani, kwa kopo moja la vidonge vya mofini, naandika jina la mgonjwa, la daktari, kiasi na tarehe. Mkaguzi huja bila taarifa, akihesabu kidonge kimoja kimoja, na kikikosekana kimoja naeleza kilikokwenda. Naona sawa.

Basi msomaji mwenzangu anijibu kupitia ukurasa huuhuu: bunduki za kikosi cha wadi yake zitaandikwa katika daftari la nani? Usiku zitalala wapi? Na siku kamanda atakapokataa kuzirudisha, ni nani hapo Malindi atakayetumwa kwenda kumgongea mlango?

Wako,
Mama wa duka la dawa,
Langoni, Lamu